Siku Mzee Makame Aliposema Basi

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko nyingi. Ni siku niliyopanda gari la shamba kwenda Kizimkazi, mkono wangu wa kulia umefungwa kitambaa kilichokolea manjano, mapajani nimepakata fuko la mikate ya boflo. Nilikuwa nakwenda kumtazama kwa macho yangu mtu ambaye mpaka siku ile nilimjua kwa masimulizi tu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Mapinduzi yalikuwa yameshapita miaka kadhaa, na mji wetu ulikuwa umejaa vijana wenye hamu ya kuwa kitu fulani: huyu mpiga tarumbeta, yule mlinda mlango, na mimi, mpigana mieleka.

Lakini tulia kwanza. Siwezi kukufikisha Kizimkazi kabla sijakupitisha Malindi, mtaa wa pale mjini Unguja, maana safari ile ilianzia huko, ndani ya ghala la mbata.

Mbata unaijua? Ni nazi iliyokaushwa ikangojea kukamuliwa mafuta. Ghala lile lilikuwa limehamishwa mzigo wake, ila harufu ilikataa kuhama. Iliganda ukutani, ikaganda sakafuni, na sisi tuliokuwa tukifanya mazoezi mle ikatuganda mwilini. Ukirudi nyumbani jioni, mama hakuuliza ulikuwa wapi. Alikunusa tu, akakuonyesha kisima kilipo.

Aliyetuombea ghala lile alikuwa Mwalimu Sudi. Ujana wake ulikwisha melini, chini kwenye mitambo, akilisha moto makaa. Mara moja meli yao iliharibika, ikakaa kwenye bandari moja ya Japani karibu mwaka mzima ikitengenezwa. Mabaharia wenziwe walizunguka mji. Yeye alimwona mzee mmoja akifundisha watoto wa mtaani judo, akavua viatu, akaingia, akaanza pamoja na watoto. Alirudi Unguja na koti moja zito la pamba na elimu ya kuwaangusha watu. Sisi tulishona makoti yetu kwa marekani, kitambaa juu ya kitambaa. Mkeka wetu ulikuwa magunia tuliyojaza usumba wa makumbi ya nazi, juu yake tukatandika turubali. Ukiangushwa vizuri, usumba unakupokea. Ukiangushwa vibaya, unaikuta sakafu ya Malindi, nayo haina huruma.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hadithi yote imesimama juu ya jambo hili. Katika mieleka ya kwetu ya mchangani, mgongo ukigusa chini, au mtu akisema basi, yamekwisha. Mnainuka, mnapangusana mchanga. Katika judo mambo huendelea pale pale chini. Mwenzio anaweza kukubana usiinuke, au kukutia kabali ya shingo, au kuukunja mkono wako upande usiotaka kukunjika. Je, atajuaje kuwa umefika mwisho wako? Unagonga. Unapiga kiganja mkekani, au mwilini mwake kama mkekani hufiki, naye anaachia pale pale, bila kuvuta pumzi kwanza, bila kuwatazama watazamaji. Mchezo mzima, na ukali wake wote, umefungwa kwa kifundo hicho kidogo: mmoja agonge, mwingine aachie.

Mwalimu Sudi alituwekea na desturi yake mwenyewe. Mazoezi yakimalizika, aliyegonga ndiye aliyekunywa maji ya mtungini mwanzo. Tulipomuuliza kwa nini, alituambia, "Aliyegonga kajifunza kitu leo. Mwenziwe karudia tu anachokijua. Mpe maji mwanafunzi."

Mimi, mwanangu, nilikuwa wa mwisho kunywa kila siku. Si kwa sababu nilikuwa hodari. Nilikuwa nimejiapiza kuwa sitagonga.

Usinicheke bado. Miaka ile sisi tulikuwa na mabingwa wetu kama nyinyi mlivyo na wenu. Kulikuwa na mpigana mieleka wa filamu za Kihindi, mwenye shingo kama gogo la mfenesi. Filamu yake ikionyeshwa, tulitoka sinema tukiangushana njia nzima mpaka Darajani. Kulikuwa na bwana mmoja wa Kijapani katika hadithi za Mwalimu, mdogo kama mtoto wa chuo cha Kurani, aliyewarusha majitu mpaka yakaomba kufundishwa. Na juu ya wote, kwa sababu alikuwa wetu, alikuwepo Mzee Makame wa Kizimkazi. Wazee wa barazani walisimulia kwamba katika ujana wake alishikana na hamali wa bandarini, pande la mtu, tangu Adhuhuri mpaka ikaadhiniwa Alasiri, akabanwa, akasokotwa, akakunjwa kama mkeka, wala hakutamka neno ambalo mpigana mieleka hulitamka akishindwa: basi. "Makame halijui neno basi," walisema, na mimi nililimeza kama sharubati. Nilikuwa nikikanda unga kwenye tanuri moja la mikate pale mjini. Nikaliandika jina lake kwa mkaa ukutani, mbele ya karai langu. Tajiri wangu alilitazama, akaniuliza, "Huyu Makame ananidai au namdai?"

Basi siku moja nilikuwa mkekani na Khamis. Khamis alikuwa rafiki yangu tangu chuoni, mwembamba hata tukimwita Kijiti, akishona nguo na babake. Nguvu zangu zilikuwa mara mbili zake, lakini alikuwa na utulivu ambao mimi sikuwa nao. Nilimrukia, akateleza, na kabla sijajua nini kimetokea nilikuwa chali, mkono wangu wa kulia umelala kifuani pake, magoti yake yameubana, naye ananyoosha mgongo pole pole.

"Gonga, Mussa."

"Sigongi."

"Gonga yakhe, utaumia!"

"Makame hasemi basi."

"Makame yuko kwake Kizimkazi. Wewe uko chini yangu. Gonga!"

Sikugonga. Kiwiko kikalia kama kijiti kikavu. Khamis aliachia mwenyewe, akapiga ukelele ambao mimi mwenye mkono sikuupiga.

Mfupa haukuvunjika, tumshukuru Mungu. Mganga wa viungo alisema mishipa imevutika, akanikanda, akanifunga manjano na mafuta, akaniambia nisiutumie. Mwambie hivyo mkanda unga! Nilikanda kwa mkono wa kushoto, na mikate ikatoka imepinda upande mmoja, yote, kama inasikiliza jambo nyuma ya mlango. Bi mmoja, mteja wetu wa kila asubuhi, aliinua boflo lake akaligeuzageuza. "Mussa baba, huu mkate au ndala? Maana kama ndala, nipe na mwenziwe."

Na unajua, sikuona haya hata kidogo. Nilitembea na kitambaa changu kama mtu aliyevishwa nishani. Wadogo wa ghalani walikigusa kwa ncha za vidole. "Hakugonga," waliambiana. Kitu kimoja tu sikukitilia maanani: Khamis hakuja tena mazoezini. Nilidhani anaona haya. Debe tupu, mwanangu, haliachi kuvuma, na mimi nilivuma wiki nzima.

Siku Mwalimu Sudi aliponiita pembeni nilijua nakwenda kusifiwa. Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Iddi Kubwa, ilikuwa inakaribia, na kwa mara ya kwanza tulikuwa tumepewa nafasi ya kuonyesha mchezo wetu pale Mnazi Mmoja, mbele ya mji mzima. Mimi na Khamis ndio tuliochaguliwa kufungua.

"Mussa," alisema, "mkekani hurudi mpaka ujue kugonga."

Nilidhani anafanya mzaha. "Na sikukuu, Mwalimu?"

"Sikukuu utakula pilau kwenu, kama Waislamu wengine."

Nikamwambia, kwa kiburi ambacho leo kinanichekesha, kwamba kama Mzee Makame angekuwa ndiye mwalimu wangu, asingeninyima mkeka kwa sababu ya ushujaa. Mwalimu hakukasirika. Alijikuna kidevu.

"Vizuri umemtaja. Nataka aje awe mgeni wetu sikukuu, na mwaliko hauna wa kuupeleka. Wewe mkono mbovu, miguu mizima. Nenda. Ukishamwalika, mwelezee habari yako yote, mbichi na mbivu, kisha muulize kama mimi nimekuonea. Akisema nimekuonea, siku hiyo hiyo unarudi mkekani, na sikukuu unafungua wewe."

Mwanangu, nilikwenda tanurini nikicheza. Nani alikuwa na hakimu mwema kuliko mimi?

Basi ndiyo safari ile niliyokuanzia. Gari lilituacha karibu na Adhuhuri, mie na kuku waliokuwa wakinidonoa miguu tangu mjini. Nikauliza njia, nikaelekezwa kwenye tanuri la chokaa. Pale nilimkuta mtu mdogo amesimama juu ya rundo la mawe, mweupe kwa vumbi tangu kope hata nyayo, anapanga kuni.

"Shikamoo. Namtafuta Mzee Makame, bingwa wa mieleka."

"Marahaba. Bingwa simjui. Makame mchoma chokaa nnamjua, ndiye mie."

Nilitazama nyuma yake. Nilidhani labda kuna Makame mwingine. Mabega yake yalikuwa membamba kuliko ya mwalimu wangu, na alipocheka, meno ya mbele yalikuwa yameshasafiri. Hata hivyo nilimbusu mkono, nikampa salamu za mjini. Akanipeleka kwake, na mkewe, Bi Mize, akanipokea kama mtoto aliyetoka safari ya mbali. Akazitoa boflo zangu, akazitazama zilivyopinda, akasema kwa adabu, "Mashallah, mikate ya mjini ina mitindo."

Mwaliko aliukubali kabla sijaumaliza. Nikamsimulia habari yangu. Niliisimulia vizuri, nakwambia! Nilipofika pale pa kusema "Sigongi," niliinua kidevu kidogo. Mzee Makame alisikiliza huku akichovya mkate kwenye chai, na nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Mkono unaweza kushika?"

"Kushika unaweza. Kuvuta bado."

"Basi twende mchangani, nikuone."

Watoto walitufuata, na majirani wawili watatu. Nilimshika kwa heshima, maana alikuwa mzee na mimi nilikuwa na mwili. Hata sijui alifanya nini. Aliingiza guu lake nyuma ya langu, akageuka kidogo kama mtu aliyeitwa, nami nikajikuta chini, nimelazwa pole pole kama mtoto anayewekwa kitandani. Watoto wakapiga makofi. Nikainuka, akanilaza tena. Nilikuwa na furaha isiyo kifani, mwanangu. Hebu fikiri: nimeangushwa na Makame mwenyewe!

"Haya," akasema, akakaa mchangani, "na mimi nionyeshe huo mchezo wenu wa mjini. Nikunje huo mkono kama ulivyokunjwa wewe."

Nikaulaza mkono wake kifuani pangu, nikaubana kwa magoti kama tulivyofundishwa. Sijaanza hata kunyoosha mgongo, nikasikia:

"Basi! Basi, baba, basi!"

Alilisema kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya pili. Niliachia kama niliyeshika kaa la moto. Nikakaa, nikamtazama. Alikuwa anacheka, anajisugua kiwiko.

"Mzee," nikasema, "umesema basi."

"Nimesema. Hukusikia? Niseme tena?"

"Lakini watu wote wanasema wewe hujapata kulisema neno hilo."

Bi Mize alikuwa amesimama na sinia ya vikombe, na vikombe vikaanza kugongana kwa kicheko chake. "Nani? Huyu? Mwanangu, huyu nikimkanda mgongo tu anasema basi mpaka mbuzi wanatoka bandani!"

"Na yule hamali wa bandarini?" niliuliza. Nilikuwa kama mtu anayezama, natafuta ubao. "Adhuhuri mpaka Alasiri?"

"Yule hamali alikuwa sahibu yangu," alisema Mzee Makame. "Tulifanya mazoezi pamoja musimu mzima, na musimu mzima nilimwambia basi mpaka akanichoka. Leo shingo, basi. Kesho mguu, basi. Kila nikisema basi, naona aliponiingilia. Hata siku ya uwanja ilipofika, nilikuwa nimeshaijua milango yote ya mikono yake. Watu waliona siku ile moja. Zile nyingine nani alikuja kutazama?" Akachukua kijiwe, akakirusha upande wa tanuri. "Wasiosema basi walikuwepo, Mussa. Tena wenye nguvu kunipita. Umepata kuyasikia majina yao?"

"Sijapata."

"Hutayasikia. Walivunjika mapema."

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa somo, na kwa kweli lilikuwa limenitosha. Lakini yeye alikuwa na jambo jingine, na hilo alilisema akiwa hacheki tena.

"Huyo mwenzio, Khamis, yuko wapi sasa?"

"Haji tena ghalani. Labda anaona haya."

"Haya ya nini? Si ndiye aliyekushinda?"

Nikajifanya nakifunga upya kitambaa changu.

"Mie niliposema basi," akaendelea, "mikono yako iliachia kabla neno halijatoka lote. Limenipendeza hilo, na mwalimu wako kakulea vizuri. Sasa niambie. Kama ningenyamaza kwa ubishi wangu, ukanivunja mkono, leo ungelala usingizi?"

"Nisingelala."

"Basi mwenzio halali." Akauweka mkono wake wenye vumbi la chokaa juu ya kitambaa changu. "Ulimpa mkono wako, ukamnyima neno lako. Umemfanya mvunjaji, naye alikuwa anakubembeleza. Wewe umezunguka mjini kuonyesha kitambaa. Yeye kakaa kwao na mikono yake, anaiogopa. Mwalimu hakukuonea, baba. Kuonea ni huko ulikomwonea Khamis."

Kukemewa na mtu unayempenda ni dawa chungu, lakini huingia mpaka kwenye mfupa. Wala hakuniacha niondoke na uchungu peke yake. Bi Mize alinijazia fuko langu mihogo, na Mzee Makame akanisindikiza mpaka lilipo gari, akinionyesha njiani namna ya kuliingiza lile guu nyuma ya guu. Alinipigisha mtama mbele ya abiria wote.

Niliposhuka mjini sikwenda tanurini wala ghalani. Nilikwenda dukani kwa babake Khamis. Alikuwa ameinamia kanzu, anatia vifungo. Hakunitazama usoni. Aliutazama mkono.

"Unaumaje?"

"Unapona. Kijiti, njoo ghalani."

"Mie judo nshaacha. Mikono yangu mibaya."

"Mikono yako mizuri. Kibaya kilikuwa kichwa changu." Nikamweleza yote, basi ya Mzee Makame, vikombe vya Bi Mize, yote. Hakutaka kucheka, lakini pale pa mbuzi alishindwa. Kisha akaichomeka sindano kwenye kanzu.

"Nikikukunja tena, utagonga?"

"Nitagonga."

"Mbele ya watu wote wa Mnazi Mmoja?"

"Mbele yao."

"Unasema tu," alisema, akarudi kwenye vifungo vyake. "Nitakuja hiyo sikukuu, kwa sababu yako. Lakini mkono sitaukunja."

Na kweli, mazoezi yote yaliyobaki hakuja. Mimi, mkono ulipopona, Mwalimu alinirudisha, nikagonga kwa kila aliyenikamata, na kila jioni nikawa wa kwanza mtungini. Ila moyo wangu haukuwa pale. Ningewagongea vijana wote wa Unguja, rafiki yangu asingepona kwa hilo. Ilikuwa lazima agongewe yeye.

Sikukuu ikafika. Laiti ungeuona Mnazi Mmoja wa siku zile! Watoto na nguo mpya zisizotaka kukunjika, wauza kashata, wauza ubuyu, kinamama wanaonukia udi na asumini. Sisi tukauburura mkeka wetu katikati yao, na bi mmoja akaivuta buibui yake puani. "Jamani, mbata hiyo imetoka wapi?" Mzee Makame alikaa mbele, kanzu nyeupe, kofia ya viua, hakuna aliyemtambua. Nilimsikia mtoto akimuuliza, "Babu, Makame bingwa yuko wapi?" naye akajibu, "Na mie namtafuta."

Khamis alikuja. Tukainamiana, tukashikana makoti. Nililiingiza guu nyuma ya guu lake kama nilivyofundishwa njiani Kizimkazi, akaenda chini, na uwanja ukalipuka. "Boflo! Boflo!" Ndilo jina waliloniita tangu ile mikate iliyopinda. Lakini chini ndiko kwao Khamis. Aligeuka kama samaki mkunga, akateleza chini ya kwapa langu, na mara mkono wangu wa kulia, ule ule, ukawa kifuani pake.

Pale akasita. Hakunyoosha mgongo.

"Usigonge, Boflo!" watu walipiga kelele. "Usigonge!"

Mwanangu, nitakwambia kilichonipitia kichwani, maana nataka uvijue vishawishi vinavyokuja vimevaa nguo za sikukuu. Mikono yake ilikuwa imelegea kwa hofu. Ningeuchomoa wangu wakati wowote, nikapanda juu yake, nikashinda mbele ya mji mzima na mbele ya Makame. Na Khamis angerudi dukani na hofu yake maisha yake yote.

"Vuta, Kijiti," nilimnong'oneza.

"Siwezi."

"Vuta. Mie nipo. Nitakwambia."

Akavuta. Kidogo, kisha kidogo tena. Kiwiko kikaanza kunyooka, maumivu yakabisha hodi, nami sikungoja yaingie. Niligonga. Niliupiga ule mkeka kwa kiganja kizima mpaka vumbi la usumba likaruka, na sauti ikafika, nadhani, mpaka Kisiwandui. Mkono wangu ulikuwa huru kabla ya mwangwi kwisha.

"Kagonga! Boflo kagonga!" Wengine waliguna, wengine walicheka, vijana wakazomea kidogo kama ada. Khamis alikuwa amekaa, amekunjua viganja vyake mbele yake, anavitazama kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea. Kisha akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaniangukia, nami nikacheka, tukawa tumelala pale sote wawili, hatuwezi kuinuka, Mwalimu Sudi anatuvuta kwa makosi ya makoti.

Bi mmoja mstari wa mbele alimgeukia Mzee Makame. "Huyu kashindwa, tena anacheka. Ana akili kweli?"

"Ndiyo kwanza zimemwingia," alisema Mzee Makame, akasimama, akapiga makofi.

Tangu siku ile Khamis amenishinda mara nyingi kuliko nilivyomshinda mimi, na hilo simwonei kijicho. Tulicheza miaka mingi. Tulifundisha wengine, na hao wakafundisha wenzao.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu, usije ukaondoka na kicheko ukaacha kiini. Wapende mabingwa wako. Mtu asiyempenda bingwa yeyote moyo wake ni ghala tupu. Lakini usipende ile siku yao moja ya uwanjani tu. Uliza na zile siku nyingine, walipokuwa wanaangushwa mahali hapana watazamaji. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mie naongeza: wala si rafiki, maana anayekataa kusema basi humtwisha mwenziwe dhambi asiyoikusudia. Ukiumia, sema. Nyumbani kwako, kazini kwako, kwa mkeo au mumeo, usingoje kiwiko kilie ndipo watu wajue. Na wewe ukiambiwa basi, achia. Usiulize sababu kwanza, usisukume kidogo ili uone. Achia, kisha mwinue. Nguvu ya kuachia ni kubwa kuliko nguvu ya kubana, na ndiyo inayowafanya watu wakupe tena mikono yao kesho.

Inuka sasa, nenda kacheze. Mwenyezi Mungu akujaalie mwili wenye afya na kifua kisicho kiburi. Akupe wenzio wa kukuangusha bila kukuumiza, na akutie katika mikono yako huruma inayosikia kabla ya masikio. Akuzeeshe ukiwa na viungo vyako vyote, na kicheko chako, na marafiki zako. Amin.